Kichochoro Tulichogawana Bila Kumuuliza Mwenyewe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu mpaka wajukuu huuliza, "Babu una nini?" Ni siku niliyokaa kichochoroni mchana kweupe, mimi dereva mwenye pikapu yangu, bwana harusi mtarajiwa, ungo mapajani, nachagua mchele. Ndiyo, mchele! Na ubavuni mwangu mwalimu mzima wa shule, suruali kaikunja, naye anachagua. Kilindoni nzima ilikuja kututazama. Kaa vizuri nikusimulie, maana nimesikia wewe na jirani yako hamsemeshani kwa sababu ya mahali pa kulaza bajaji. Ningeweza kukukemea, lakini nimeona bora nikuaibishie ujana wangu kwanza, kisha maneno mengine yatafuata.

Miaka hiyo hifadhi ya bahari ilikuwa bado changa hapa kisiwani. Wageni ndio kwanza walianza kuja, wanashuka uwanja wa ndege na mabegi makubwa na miwani ya kuzamia, wanataka kwenda Utende, wengine wanataka kumwona papa potwe, samaki ambaye sisi tulimwona kila msimu tukampisha apite zake. Magari yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Nami, kijana wa miaka ishirini na sita, nikapata pikapu! Kuukuu, rangi ya buluu iliyopauka, mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba, lakini pikapu. Nilipoipiga honi mara ya kwanza mbele ya nyumba yetu, mtaa mzima ulitoka nje. Mama yangu alikuwa mjane mpole, mtu asiyesikika hata akiwa chumba cha pili, na siku hiyo akaizunguka gari mara tatu akiipapasa kwa upindo wa kanga. Mimi nilijiona nimeshafika, sina tena pa kwenda.

Kasheshe ikawa mahali pa kuiweka. Wewe umezaliwa hapa, huna haja ya kuambiwa: Mafia ukiinua kichwa unaona mnazi. Mbele ya nyumba yetu ilisimama miwili, mirefu, imeinamia barabara. Wiki ya kwanza tu nazi kavu ikashuka, pu! Ikaacha bonde kwenye boneti, bonde la kuwekea yai lisibingirike. Wiki ya pili likashuka kuti zima na kuvunja kioo cha pembeni. Nikawa silali, upepo ukivuma natoka nje kutazama juu.

Ndipo nikakiona kichochoro. Nasema nikakiona, ingawa nilizaliwa pembeni yake. Kilipita kati ya ukuta wetu na ukuta wa nyumba aliyopanga Mwalimu Komba. Juu yake mbingu tupu, hakuna nazi, hakuna kidaka, hakuna kuti. Upande wa barabarani kilikuwa na upana wa kuingia pikapu ukabaki upenyo wa kiganja huku na kiganja kule. Upande wa nyuma kilikuwa chembamba, mtu mmoja na ndoo yake, kikaishia kisimani na kwenye nyua za jiko za nyumba saba. Nikaingiza gari taratibu, nikatoka kwa kupitia dirishani maana mlango haukufunguka, nikasema alhamdulillahi.

Kumbe na mwenzangu naye alikuwa anakitolea macho! Mwalimu Komba alikuwa Mngoni wa Songea, ameletwa kufundisha shule ya msingi, mtu mwenye sauti nzito na viatu vinavyong'aa. Alikuwa na pikipiki nyekundu aliyoipangusa kila jioni kwa kitambaa chake maalumu. Juzi yake tu koroma la minazi ile ile lilikuwa limeipasua taa ya nyuma. Akaniambia kwamba kichochoro kiko chini ya dirisha lake, kwa hiyo ni chake. Nikamwambia babu yangu ndiye aliyeujenga ukuta wa upande huu kabla yeye hajajua bahari ina chumvi. Basi moto ukawaka.

Mwanangu, tulishindana! Saa kumi jioni ikifika, mimi natoka Utende na wageni nimeshawashusha, nakanyaga mafuta kwenye ule mchanga, minazi inapita kulia na kushoto, roho inanidunda, nasema leo nitamwahi. Naye akisikia kengele ya kutawanya watoto anairukia pikipiki yake na chaki bado mkononi. Tulikuwa tukiona vumbi la mwenzetu kwa mbali tunaongeza mwendo. Akiniwahi, anaikingamisha pikipiki mdomoni mwa kichochoro kusudi nisipite. Nikimwahi, naingia mpaka ndani nazima injini na kupiga honi moja ya kumkejeli. Haraka haraka haina baraka, wazee walisema, lakini nani alikuwa na nafasi ya kuwasikiliza wazee? Siku moja nilimtoa upepo tairi la nyuma, Mungu anisamehe. Siku ya pili yake nikakuta madawati manne ya shule yamepangwa kichochoroni. Tukatukanana barabarani, mimi nikamwita mbara aliyekuja na maji, yeye akaniita jina ambalo sitalitamka mbele yako. Mpaka leo naona haya kwa hilo la kwangu kuliko hilo la kwake.

Mwisho akatuita balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Faki, mtu wa haki na mwenye mwandiko mzuri. Tukakaa kwenye baraza la duka, wanaume kama kumi hivi, kahawa inapita. Kila mmoja akatoa ya moyoni. Mzee Faki akachana karatasi ya daftari, akaandika: Jumamosi, Jumatatu na Jumatano kichochoro ni cha pikapu, Jumapili, Jumanne na Alhamisi ni cha pikipiki, Ijumaa atakayewahi. Tukatia sahihi. Tukapeana mikono. Watu wakapiga makofi, mmoja akasema hapa leo imetendeka hekima. Kusema kweli nilitokwa na machozi kidogo, na Mwalimu Komba akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Tulirudi nyumbani tumeshikana mabega, na kesho yake nilimbebea mkewe gunia la mkaa bila kuombwa.

Unaliona kosa letu? Mimi sikuliona. Miezi minne sikuliona.

Nyumba ya mwisho ya kichochoro, karibu na kisima, ilikuwa ya Bi Zuhura. Mama huyu alikuwa kungwi, amewafunda wari wote wa mtaa ule, na hakuna mtoto wa pale ambaye hakuogeshwa na mikono yake siku ya kuzaliwa, mimi nikiwemo. Tena minazi ile miwili iliyokuwa ikitutesa mbele ya nyumba yetu ilikuwa mali yake, alipandiwa na baba yake. Kwetu ardhi huweza kuwa ya huyu na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa yule, na hakuna anayeona ajabu. Basi wiki ile ile ya makubaliano yetu Bi Zuhura akaanika kanga mpya kwenye kamba, pale pale mbele ya kioo cha pikapu yangu. Imeandikwa: MWENYE NJIA HAJAULIZWA. Sijui aliipata duka gani. Nikaisoma, nikamhurumia Mwalimu Komba. Nikadhani anapigwa kijembe kwa ugeni wake! Baadaye aliniambia yeye naye aliisoma akanionea huruma mimi.

Sasa ikaja harusi yangu. Nilikuwa nimemposa Saada, binti wa kijiji cha Kirongwe, na ndoa ilipangwa Ijumaa ya pili baada ya Idi. Ee mwanangu, furaha niliyokuwa nayo! Nilikuwa naendesha gari naimba. Baba yake Saada alikuwa mkali, na siku ya kukubali posa alisema neno moja tu: "Mimi simtoi mwanangu kwa gari. Namtoa aende kwa watu." Nikamjibu, "Baba, watu tunao." Nilijibu kwa kifua mbele.

Unajua desturi yetu. Kabla ya harusi kuna siku ya kuchagua mchele. Mama wa bwana harusi anatandika mikeka uani, wanawake wa mtaa wanakuja kila mmoja na ungo wake, wanatoa chuya na mawe, wanaimba, wanataniana, wanagawana kazi: nani atashika sufuria la pilau, nani atasaga viungo, nani atampokea bibi harusi. Harusi inafungwa msikitini, lakini inaanzia pale kwenye nyungo. Yetu ilikuwa Jumanne. Mwalimu Komba alikuwa ameniachia zamu yake kwa heshima ya harusi, kwa hiyo pikapu ilikuwa imelala kichochoroni mfululizo tangu Jumamosi, imeoshwa inang'aa, inangoja kupambwa. Mama akatandika mikeka sita. Magunia mawili ya mchele yakafunguliwa. Chai ya tangawizi ikachemka kwenye birika kubwa.

Saa tatu hakuja mtu. Mama akasema, "Wana kazi za asubuhi." Saa nne hakuja mtu. Saa tano mama akaimwaga ile chai iliyopoa akabandika nyingine. Saa sita akakaa chini peke yake kwenye mikeka sita, akachota mchele kwenye ungo, akaanza kuchagua punje moja moja. Magunia mawili! Nikamwona amejifuta jicho kwa nyuma ya mkono, akajifanya ni vumbi la mchele.

Nilielewa mara moja, mwanangu, kwamba sina harusi. Nani angepika? Nani angempokea Saada mlangoni? Wakwe wangefika Ijumaa wakute uani mama yangu na birika lake, na yule mzee mkali angemgeuza binti yake papo hapo, na angekuwa na haki. Shughuli ni watu. Nikasema naenda kwa Bi Zuhura sasa hivi, maana wanawake wote wa mtaa humsikiliza yeye, kwa njia ya mkato, nikatoka mlango wa nyuma mbio na kuingia kichochoroni.

Njia imezibwa! Nimekumbana na bodi ya pikapu yangu mwenyewe. Nikajaribu kujipenyeza ubavu, nikakwama kifuani, nikarudi. Hapo hata sikuwaza, nilikuwa na haraka. Nikazunguka barabarani, nikapita mbele ya baraza la duka, na wanaume wamejaa. "Athumani! Harusi vipi?" Nikasimama, nikasalimia. "Mchele unachaguliwa?" Nikacheka kicheko cha uongo. "Shikamoo Mzee Faki." "Marahaba, mbona unatoka jasho?" Kila mmoja na swali lake, na huwezi kumpita mtu mzima bila kumjibu. Kutoka ua wetu hadi kwa Bi Zuhura ni hatua thelathini. Siku hiyo nilitumia robo saa.

"Hodi!"

"Karibu, baba. Pita."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda anasuka ukili, hana haraka. Ungo wake umesimamishwa ukutani, safi, haujaguswa. Nikapiga magoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kwa njia gani?"

"Nimezunguka barabarani, bibi."

"Mbona umezunguka?"

Akaendelea kusuka.

"Wewe na mwenzio mliandikiana karatasi," akasema. "Mligawana nini?"

"Kichochoro, bibi."

"Kichochoro cha nani?"

"Cha mtaa."

"Na huo mtaa una wanaume watupu?"

Mwanangu, alisema polepole tu, lakini natamani angenichapa. Akaniambia kwamba kile kichochoro ni njia ya wanawake tangu mama yake hajaolewa. Mwanamume ana mlango wa mbele na barabara. Mwanamke wa mtaa ule, akitaka chumvi, akitaka kaa la moto, akitaka kwenda kisimani, anapita pale na kanga zake mbili za jikoni, haonwi na mtu, hasimamishwi na mtu. Toka tulipoanza mashindano yetu, kila aliyetaka chumvi alilazimika kuvaa baibui kamili, kuzunguka barabara, kupita mbele ya baraza lenye macho ishirini na kusalimia wote. Mtoto wa jirani aliungua mguu kwa bomba la pikipiki akijaribu kupenya. Na sisi, siku tulipopatana, ndipo tulipowaua kabisa. Tulipokuwa tukigombana, siku nyingine hakuwahi mtu na njia ikabaki wazi. Tulipopatana ikawa imezibwa kila siku kwa mujibu wa karatasi!

Tumezoea kusema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Kumbe hata wakipatana nyasi zipo chini palepale, na hakuna aliyeziuliza. Nikamwambia, "Bibi, mbona hamkusema?"

"Mwenye macho haambiwi tazama. Na kanga nilikuanikia puani."

"Nilidhani ya Mwalimu."

Hapo akacheka, akacheka mpaka ukili ukamponyoka. Nami nikapata tamaa kidogo. Nikamwomba radhi, nikamwomba awaambie wenzake waje, harusi ni Ijumaa. Akaacha kucheka.

"Gari itoke. Kisha wewe na mwenzio mkae palepale mlipogawana, na mchele mchague nyinyi. Tutakuwa tunapita. Tukiridhika, tutakuja."

Nilikwenda shuleni kwa miguu, mbio. Nikamkuta Mwalimu Komba anasahihisha madaftari. Nilitegemea atacheka, au aseme hayo ni mambo yenu ya Kiswahili, mimi nina kazi. Aliweka kalamu chini. "Kwetu njia ya kisimani haizibwi hata na ng'ombe," akasema, "na mimi nimeiziba kwa pikipiki." Akasimama akavua koti. "Athumani, jina langu nalo limo kwenye ile karatasi. Twende." Mwanangu, huyo ndiye niliyemwita mbara aliyekuja na maji.

Tukaitoa pikapu. Tukatandika mkeka katikati ya kichochoro, tukamwaga mchele, tukaanza. Wallahi hatukujua kushika ungo! Nilipepeta mara ya kwanza nikamwaga nusu kifuani kwa Mwalimu. Watu wakajaa upande wa barabarani, wavulana, wazee wa baraza, mpaka wanafunzi wake walikuja na kusimama mstari, "Shikamoo mwalimu!" naye anajibu marahaba na chuya mdomoni. Mzee Faki alifika kutazama, na nilipomweleza alishika kichwa. Akaitoa ile karatasi mfukoni mwa kanzu akaichana mbele yetu, kisha akavua makubadhi akakaa kuchagua na yeye.

Na wanawake wakaanza kupita. Hapo ndipo nilipofumbuka. Alipita mmoja na kipande cha kaa juu ya kifuu, anakimbia kabla halijazima. Akapita binti na bakuli la mchuzi limefunikwa sahani, anampelekea bibi kizee asiyepika tena. Akapita mama mwenye homa anashikwa mkono na mwenzake. Kichanga kilipita mikononi mwa msichana kwenda kunyonyeshwa na shangazi kwa kuwa mama yake alikuwa kazini kwenye mwani. Zikapita nazi, zikapita habari, akapita mmoja analia na akarudi anacheka. Kila aliyepita aliruka mkeka wetu na kutupiga kijembe: "Mwalimu, hilo jiwe umeliacha la nani?" Miaka ishirini na sita nimeishi ubavuni mwa njia ile, nikadhani ni nafasi tupu kati ya kuta mbili.

Alasiri Bi Zuhura akaja akasimama juu yetu. Mwalimu Komba akamwuliza kwa adabu, "Mama, sasa na vyombo vyetu tuviweke wapi? Minazi inatuua."

"Minazi hiyo ya nani?"

"Yako, mama."

"Umewahi kuja kuniambia nimwite mkwezi?"

Hatukuwahi! Tulitoana upepo matairi, tukabeba madawati, tukaitisha baraza, tukaandikiana mkataba, na jambo lenyewe lilihitaji hodi moja tu kwa mama mmoja. Kuuliza si ujinga, mwanangu, lakini sisi tulikuwa na haya ya kuuliza na hatukuwa na haya ya kugombana. Jioni ile ile mkwezi alipanda, akaangua nazi zote na makuti makavu, akawa anafanya hivyo kila zikikomaa. Pikapu na pikipiki zikalala bega kwa bega mbele ya nyumba yetu mpaka Mwalimu alipohamishwa. Nazi zile Bi Zuhura alizitoa zote ziingie kwenye pilau na kashata za harusi.

Lakini kabla ya hapo kuna jambo nililotaka ulisikie hasa, na yote niliyosema yalikuwa njia ya kulifikia. Tulipokuwa bado tunachagua, nilimwona mama yangu anatoka kisimani na ndoo, anakuja kwa kichochoro. Anachechemea. Goti lake la kulia lilikuwa baya tangu zamani, mimi nilijua. Alipofika kwenye mkeka akashindwa kuuruka, nikainuka nikampokea ndoo.

Bi Zuhura akasema, "Miezi minne hiyo amezunguka barabarani na goti lile. Unadhani sisi leo tumemgomea mama yako? Tumegoma kwa ajili yake."

Nikamgeukia. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kama anayeulizwa jambo lililo wazi. "Ulikuwa umefurahi, mwanangu. Nikasema goti litavumilia."

Nilikaa chini palepale kwenye mchele nikalia mbele ya Kilindoni nzima, na sikumficha mtu. Mwalimu Komba aliuchukua ungo wangu akaendelea kupepeta kimyakimya.

Jua lilikuwa bado juu ya paa nilipowasikia. Vigelegele vikaanzia kisimani, vikaja na kichochoro, na nyungo zimeinuliwa juu, mmoja nyuma ya mwingine, wanawake wa nyumba zote saba! Walitufukuza mkekani kama kuku. Gunia tulilohangaika nalo tangu adhuhuri walilipitia upya, maana tulikuwa tumeacha mawe na kutupa mchele. Ijumaa Saada alishuka kutoka Kirongwe kwa pikapu ya buluu, akaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma, kwa njia ile, amezungukwa mbele na nyuma, na baba mkwe akanong'ona kwangu, "Kweli, watu unao." Nilimjibu, "Ni wa mama yangu, baba. Mimi nimewaazima tu."

Sasa sikiliza. Hiyo bajaji yako na gari la jirani yako mtapatana leo au kesho, mimi sina wasiwasi na hilo. Watu wawili wenye njaa moja hupatana. Wasiwasi wangu ni yule ambaye hayumo kwenye ugomvi wenu. Kabla hamjachora mstari chini, zungukeni nyumba zote mpige hodi, muulize nani hupita hapa, saa ngapi, amebeba nini. Usingoje mtu aje kulalamika. Anayelalamika umeshamsikia. Mtafute aliyenyamaza, na uanze nyumbani kwako, kwa yule anayekupenda kuliko wote, maana huyo ndiye atakayekuficha maumivu yake mpaka mwisho kusudi asikuharibie furaha. Na ukijua umemkosea, usimtumie mtu wala karatasi. Kaa chini mchana mbele ya watu, ushike ungo, uchekwe. Kicheko hakiui. Mimi kimenipa mke, kimenipa rafiki wa Songea ambaye watoto wake waniita baba, na kilimpa mama yangu njia yake kwa miaka iliyobaki.

Nenda basi, jua halijazama, majirani zako wako macho. Mungu akufungulie milango ya kupiga hodi na akupe ulimi laini wa kuuliza. Akujaalie nyumba ambayo watu wataingia bila kuzunguka, na siku ya furaha yako, na siku ya msiba wako, mikeka yako isikose wa kuikalia. Na mama yako, mwanangu, Mungu amzidishie umri, na akupe macho ya kumwona anavyotembea. Amina.